Diski ya zamani iingie kama mgeni

Kwenye meza za mafundi wa kompyuta hapa Dodoma, kuanzia barabara za namba katikati ya jiji hadi vibanda vya kuelekea Chuo Kikuu, ombi ni lile lile: “Fundi, ichomoe hii diski uiweke kwenye hii mpya, nataka nikute kila kitu changu kama nilivyokiacha.” Ombi lina mantiki yake. Mafaili yamo ndani ya diski, diski ni nzima, iliyokufa ni kompyuta. Kasoro iko kwenye hilo neno “kila kitu”. Ndani ya diski ile mna vitu viwili ambavyo wengi huviona kimoja: mafaili yako, na Windows, mfumo unaoiendesha kompyuta, iliyokuwa inayatunza. Mafaili yanahama bila shida. Windows haihami vizuri, na hata ikikubali kuhama, mara nyingi ilistahili kuachwa.

Msimamo wangu ni huu. Diski ya zamani iingie kwenye kompyuta mpya kama mgeni: isomwe, inakiliwe, halafu ipangiwe kazi nyingine. Isipewe funguo za nyumba kwa kuifanya ndiyo inayowasha mashine.

Tazama jinsi kompyuta inavyowaka. Mashine nyingi za enzi ya Windows 7 ziligawa diski kwa mtindo wa MBR na kuwaka kwa njia ya zamani, ile ambayo kwenye menyu ya BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows) huitwa Legacy. Mashine za sasa huwaka kwa njia mpya ya UEFI na hutaka diski iliyogawiwa kwa mtindo mpya wa GPT, na nyingi za karibuni zimeshaondoa kabisa upande wa Legacy. Chomeka humo diski ya MBR: mashine itaiona kama ghala la kawaida, lakini itasema haina cha kuwashia. Ipo amri ya mbr2gpt, iliyokuja na Windows 10 toleo la 1703 mwaka 2017, inayogeuza diski bila kufuta kitu. Ila haikubali diski yenye zaidi ya sehemu kuu tatu, na mashine nyingi zilitoka kiwandani na sehemu nne. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huanza kufuta sehemu asizozijua.

Tuseme imewaka. Kama mashine ya zamani ilikuwa imewekwa RAID kwenye BIOS na mpya iko AHCI (njia mbili tofauti za mashine kuzungumza na diski), Windows itaanza kupanda kisha itaishia kwenye skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kama hilo nalo limepita, inakuja leseni: Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye ubao mama wake, yaani mazabodi. Ukibadilisha mazabodi, leseni inabaki ilikozaliwa. Na ukumbuke Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo jasho lote hilo ni la kumbeba mstaafu.

Sababu inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni kasi. Diski ya kawaida ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11, kwa hiyo kichwa cha kusomea kikishafika kwenye mstari wake husubiri wastani wa milisekunde 5 na nusu ili data ipite chini yake. Ongeza kama milisekunde 10 za kichwa chenyewe kusogea. Jumla, ni vipande 60 na kitu kwa sekunde kama vimetawanyika, na Windows inapopanda husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika hivyo hivyo. SSD ya SATA, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini, inasoma maelfu ya vipande hivyo ndani ya sekunde moja. Mtu akinunua mashine yenye prosesa nzuri kisha akaiwashia kwenye diski ya kuzunguka iliyochoka, ana lori linalovutwa na punda.

Haki isemwe pia. Ofisi yenye kompyuta kumi za mezani za aina moja, moja ikafa pawasaplai, diski yake ikihamishiwa kwa pacha wake itawaka bila maneno. Fanya hivyo, usipoteze siku. Anayetumia Linux naye ana nafuu, kwa sababu karibu draiva zote (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zimo ndani ya mfumo wenyewe. Ninayoyasema yanawahusu wengine waliobaki, ambao ndio wengi.

Sasa kazi yenyewe. Sehemu yake kubwa iko kabla ya kushika bisibisi, na hiyo ndiyo inayorukwa.

Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, hata kama kioo kimepasuka na unaitazama kwa kuiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi na uandike manage-bde -status. Ukiona C: imeandikwa Protection On, diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, na ufunguo umekaa kwenye kijichipu cha TPM ndani ya mazabodi ya zamani. Ukiipeleka diski hiyo kwingine itadai ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Uupate mapema kwa manage-bde -protectors -get C:, na uuandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi kwenye Desktop ya diski hiyo hiyo umefungia funguo ndani ya gari. Njia nyingine ni kuifungua kabisa diski kwa manage-bde -off C:, halafu usubiri hadi ile amri ya kwanza iseme Fully Decrypted. Kwenye diski ya kuzunguka hilo huchukua saa kadhaa. Usiichomoe ikiwa katikati.

Watu husema, “Mimi sijawahi kuweka BitLocker.” Wanasema kweli, hawakuweka. Windows yenyewe huwasha ufungaji huo pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft kwenye mashine inayotimiza masharti, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Balaa linakuja pale ambapo aliyefungua akaunti siku ya kununua ni muuzaji wa dukani, kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo, nenosiri halikuandikwa popote na namba ya simu ya uthibitisho ilikuwa yake. Kwa kompyuta ya ofisi, ufunguo huwa kwa watu wa TEHAMA, na ni wao wa kuulizwa kabla mashine haijapelekwa mtaani. Ufunguo usipopatikana, hakuna fundi wa Dodoma wala wa Dar es Salaam atakayeifungua diski hiyo, na anayekuahidi kuifungua anataka hela yako tu.

Nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari nazo hazihami kwa kunakili folda, kwa sababu zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows. Zitoe kwa njia ya kivinjari chenyewe, au hakikisha zimepanda kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Programu za mauzo, za zahanati na za ada za shule ndizo za kuogopa zaidi: data zake hukaa kwenye hifadhidata iliyofichika nje ya folda unazozijua, na ukinakili faili la hifadhidata wakati programu inafanya kazi unapata faili bovu. Tumia kitufe cha programu yenyewe cha kutengeneza nakala rudufu, na nakala hiyo iweke kwenye flashi.

Halafu izime kikweli. Kitufe cha kawaida cha kuzima, pale Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, huiacha Windows nusu usingizini, na diski ikichomekwa kwingine ikiwa hivyo inaweza kugoma kuandikwa au kuharibika mpangilio. Andika shutdown /s /t 0 na mashine itazimika mzima mzima.

Diski yenyewe ni ya aina gani? Ya mezani ni ya inchi 3.5 na hutaka umeme wa volti 12 na volti 5. Ya mpakato ni ya inchi 2.5 na hutosheka na volti 5 peke yake. Ndiyo maana ile ndogo inafanya kazi kwa waya wa USB tu, lakini kubwa lazima iwe na adapta yake ya ukutani. Plagi za SATA ni mbili zilizokaa jirani, nyembamba ya data yenye pini 7 na pana ya umeme yenye pini 15, na kila moja ndani yake ina umbo la herufi L. Ile L ndiyo inayokuambia upande. Ikikataa usisukume, igeuze; plastiki yake ni nyembamba, na ikivunjika pini zinabaki zinaning’inia kama meno ya kitana kilichovunjika. Diski yenye utepe mpana wa pini 40 ni ya IDE. Mazabodi za sasa hazina soketi yake, kwa hiyo tafuta adapta ya USB inayokuja na umeme wake, na kijumpa kilicho nyuma ya diski ukiweke kwenye Master.

Kabla hujanunua waya wa SATA, fungua kwanza mashine mpya uone kama diski ina pa kukaa. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina kabisa nafasi ya diski ya inchi 2.5, zina soketi ya M.2 tu, yenye ukubwa wa kipande cha ubani. Zilizo na nafasi mara nyingi ni ya unene wa milimita 7, na diski nyingi za zamani ni milimita 9.5. Kwenye mashine ndogo za mezani za HP zinazouzwa kama used, umeme wa diski hautoki kwenye pawasaplai, unatoka kwenye soketi ndogo ya mazabodi kwa waya maalumu, na waya huo aghalabu ulishapotea safarini. Hapo watu hukimbilia waya wa kugeuza plagi ya zamani ya Molex kuwa ya SATA. Ukilazimika, chagua ile ambayo nyaya zinaonekana zimebanwa moja moja kwenye kichwa. Ile ambayo kichwa chake kimemiminwa plastiki yote kwa pamoja, nyaya husogeleana ndani, zikagusana na kuwaka moto. Skrubu nazo zina ukubwa tofauti: diski ya inchi 3.5 hutumia nyuzi za 6-32, ya inchi 2.5 hutumia M3 fupi. Skrubu ndefu ikikazwa kwenye diski ndogo hupenya hadi kwenye saketi.

Kwa mashine isiyo na nafasi, na kusema kweli hata kwa iliyo nayo, chaguo langu ni kasha la USB 3.0. Mgeni anakaa sebuleni, akimaliza shughuli anaondoka, na kava la mashine mpya halikuguswa.

Ukifungua, kumbuka uko wapi. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma hukauka, na umeme tuli hupanda mwilini kwa kutembea tu juu ya zulia la nailoni. Ule mshtuko mdogo wa kugusa kitasa cha chuma baada ya kuvua sweta asubuhi ya Julai ni wa maelfu ya volti. Chipu huumia kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na wewe hutasikia chochote. Fanya kazi kwenye meza ya mbao, vua sweta mapema, gusa bodi ya chuma ya kompyuta kabla ya kugusa diski, na kwenye mpakato chomoa plagi ya betri kwanza. Vumbi jekundu la kwenye plagi litoe kwa brashi kavu, si kwa kupuliza kwa mdomo, maana pumzi ina mate. Kile kitundu kidogo juu ya diski, kilichoandikwa kisizibwe, ndicho kinachoiwezesha kupumua kupitia kichujio. Usikibandike lebo.

Kama Windows mpya bado haijawekwa, isakinishe wakati diski ya zamani haijaunganishwa. Programu ya usakinishaji ikikuta diski mbili inaweza kuweka mafaili ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na siku utakayomtoa mgeni mashine haitawaka. Ukichomeka ndani diski ambayo bado ina Windows yake, ingia BIOS na uhakikishe diski mpya ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Kwenye HP, F9 hukupa menyu ya kuchagua. Kwenye Dell na nyingi za Lenovo ni F12.

Imeunganishwa. Windows ikitoa kijidirisha kinachosema diski inahitaji kufomatiwa, au kwenye Disk Management ikataka kuianzisha upya, jibu ni hapana. Ujumbe huo maana yake ni kwamba Windows haielewi inachokiona, na sababu inaweza kuwa waya mbovu tu. Badilisha waya, badilisha tundu la USB, ndipo uanze kuwa na hofu.

Angalia afya yake kabla ya kunakili. CrystalDiskInfo ni ya bure na inatosha. Tazama mistari minne: 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kusomeka, na C7 ni makosa ya mawasiliano, ambayo aghalabu chanzo chake ni waya. C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, nakili mafaili muhimu kwanza kabisa na usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa sababu itaisugua diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye ujuzi wa Linux atumie ddrescue, inayovuna kwanza maeneo mazima na kuyarudia mabovu baadaye. Ukisikia tik-tik-tik ya mpangilio mmoja, zima papo hapo. Hicho ni kichwa kinachotafuta mahali pake na kukosa, na kila unapowasha tena kinaweza kukwaruza zaidi. Habari za kuiweka diski kwenye friji zipuuze. Ikitoka inatokwa jasho, na maji ndani ya diski ndiyo mwisho wake.

Kunakili kwa kuburuta folda kwa kipanya ni njia mbaya kwa kazi kubwa. Inagoma kwenye faili moja na kusubiri jibu lako, na umeme ukikatika hujui ulikomea wapi. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika hivi, ukibadilisha herufi za diski (hapa E: ni ya zamani, D: ni pa kunakilia) na jina la folda ya mtumiaji:

robocopy E:\Users\Ofisi D:\Zamani\Ofisi /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\nakili.txt

Hapo /E inachukua folda zote hata tupu, /B inapita juu ya kizuizi cha “huna ruhusa” kinachotokana na akaunti ya mashine ya zamani, na /XJ inaruka njia za mkato za ndani ambazo zingekuzungusha kwenye folda ile ile bila mwisho. /R:1 na /W:1 zinaizuia kung’ang’ania faili bovu; bila kuziweka, robocopy hujaribu faili moja mara milioni, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Umeme wa TANESCO ukikatika, rudia amri ile ile, nayo itaruka yaliyokwisha fika. Kwa sababu hiyo hiyo ni heri kazi ifanyikie kwenye mpakato yenye betri nzima kuliko kwenye ya mezani isiyo na UPS.

Muda unapigika hesabu. GB 500 kwa MB 80 kwa sekunde ni saa moja na dakika 45 hivi. Kwa tundu la USB 2.0, linalotoa kama MB 35, ni saa nne. Picha na nyaraka ndogo ndogo kwa maelfu huongeza muda huo mara mbili au zaidi, kwa hiyo usimwambie mteja arudi baada ya nusu saa. Ikiisha, fungua nakili.txt, nenda chini kabisa, utazame safu ya FAILED. Ikiwa sifuri, umemaliza. Isipokuwa sifuri, majina ya yaliyobaki yamo humo humo. Na usiishie Users. Watu huweka vitu moja kwa moja kwenye C:, kwenye sehemu ya D:, na mahali pengine pa ajabu.

Kwa diski za steshenari, zilizopokea flashi za watu miaka mitano, pitisha kwanza programu ya kuua virusi kabla ya kubofya chochote. Kirusi cha njia za mkato bado kipo: kinaficha folda halisi na kuweka ikoni za bandia zenye majina yale yale. Kwa kuondoa maficho kwenye sehemu ya mafaili, amri ni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kamwe usiielekeze C: ya mashine mpya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikiwa afya yake ni nzuri, diski ya zamani inafaa kuwa ghala la nakala ya pili, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kurudishwa kabatini. Kwa kukaa kabatini inaishinda SSD, ambayo ikikosa umeme kwa muda mrefu inaweza kuanza kusahau. Iachwe angalau mwezi mmoja bila kufutwa, kwa sababu faili lililosahaulika hukumbukwa wiki ya tatu.

Ikiwa itauzwa, kufomati kwa haraka hakufuti kitu zaidi ya orodha ya majina. Fikiria diski ya steshenari ya karibu na Mji wa Serikali pale Mtumba, au ya karibu na hosteli za wanafunzi: mna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mikopo, barua za ajira, za watu waliokuja kuchapa kurasa mbili wakaondoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na anayeshika taarifa za watu anabeba dhamana yake. Kwenye diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri, andika list disk, soma ukubwa mara mbili ili usiikosee na ya mashine, kisha select disk na namba yake, halafu clean all. Neno all ndilo linaloandika sifuri kwenye kila sekta. Kwa GB 500, ianzishe jioni uiache. SSD hufutwa kwa njia nyingine, kupitia programu ya mtengenezaji wake au menyu ya BIOS. Diski inayogonga tik-tik haiwezi kufutwa kwa amri yoyote. Toboa sahani zake kwa drili, matundu matatu yanatosha, na macho yako yawe na miwani, kwa sababu sahani za diski ndogo nyingi ni za kioo.